Namba Isiyogawanyika

Kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, mwaka 2019, makarani wa hesabu ya watu walipita nyumba kwa nyumba katika nchi yote ya Kenya. Walipita katika mitaa ya mji wa Nyeri, wakapanda vilima vya Othaya na Mukurweini, wakashuka Karatina penye soko kubwa, wakafika Mweiga na Naro Moru palipo karibu na mlima. Majibu yote yalipokwisha kukusanywa na kujumlishwa, serikali ilitangaza kwamba kaunti ya Nyeri ilikuwa na watu 759,164.

Msomaji, nakuomba usimame kidogo mbele ya namba hii. Aghalabu sisi huzisoma namba za namna hii katika magazeti kama msafiri azionavyo nguzo za simu kando ya njia: ni nyingi, zafanana, na ya nyuma husahauliwa kabla ya ijayo kufika. Lakini namba nzima, hata iwe kubwa namna gani, ina tabia zake, kama mtu alivyo na tabia zake. Na mwenye subira aweza kuzijua bila ya chombo chochote ila kalamu na karatasi.

Tuanze. Namba 759,164 ni shufwa, kwa kuwa yaishia kwa 4. Igawe kwa 2, utapata 379,582. Igawe tena kwa 2, utapata 189,791, ambayo ni witiri. Ijaribu kwa 3, itakataa. Ijaribu kwa 5, itakataa. Ijaribu kwa 7, itakubali, na jawabu ni 27,113. Sasa 11, 13 na 17 zote zitakataa, lakini 19 itakubali, nawe utabaki na 1,427. Hapo jembe limegonga mwamba. Hakuna namba yoyote, isipokuwa 1 na 1,427 yenyewe, inayoweza kuigawa 1,427 pasipo kubaki kitu. Namba ya jinsi hiyo huitwa namba tasa, yaani isiyozaliwa kwa kuzidishwa namba ndogo kuliko yenyewe. Basi watu wa Nyeri wa mwaka ule ni 2 mara 2 mara 7 mara 19 mara 1,427, na mtu yeyote duniani, awe Nanyuki au Muscat, akiifanya kazi hii kwa uangalifu atafika kwenye vigawo hivi hivi wala si vingine.

Pengine utauliza, je, jambo hili lamhusu nini mtu wa Nyeri? Swali ni la haki. Utazame Mlima Kenya, ambao kila asubuhi isiyo na mawingu huonekana kutoka katika madirisha ya shule nyingi za huko. Kilele chake kirefu, Batian, ambacho Halford Mackinder na wenzake walikuwa wa kwanza kujulikana kukipanda mwaka 1899, kina urefu wa mita 5,199. Namba hiyo ni witiri. Vigawo vyake ni 3 na 1,733. Lakini mtu apimaye kwa futi atakuambia 17,058, nayo ni shufwa. Mlima ni ule ule, haukuongezeka wala kupungua. Fimbo ya kupimia ndiyo iliyobadilika, na tabia zote za namba zimebadilika pamoja nayo. Kwa hiyo ushufwa na uwitiri si mali ya mlima.

Watu hawako hivyo. Mtu hahesabiwi kwa futi wala kwa mita. Huhesabiwa mmoja, na mmoja hana nusu. Hesabu ya watu ikiwa sahihi, namba yake ni yao wenyewe, na hakuna fimbo nyingine itakayoigeuza. Tena tabia zake zamtegemea kila mmoja wao. Fikiri kwamba mara baada ya karani kufunga kazi yake mtoto mmoja alizaliwa katika kaunti ile, wala hakufa mtu. Namba itakuwa 759,165. Igawe mwenyewe, utaona kwamba vigawo vyake ni 3, 5, 11, 43 na 107. Hata kimoja katika vile vya kwanza hakikubaki! Ndivyo zilivyo namba zote mbili zinazofuatana: hazishiriki kigawo chochote ila 1. Kichanga kisichojua hata kulia vizuri kimekuja kimevunja nyumba yote ya namba na kuijenga upya.

Sasa nitakuonyesha jambo jingine, nalo lataka uangalifu kidogo zaidi. Katika watu wale 759,164, wanaume walikuwa 374,288, na wanawake 384,845. Jumlisha. Utapata 759,133, yaani pungufu ya watu 31. Hao 31 ni mahuntha, watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume tu wala ya kike tu. Mwaka 2019 ndio mwaka wa kwanza ambao Kenya iliwahesabu peke yao, nao katika nchi nzima walikuwa 1,524. Katika hesabu zote za kabla ya hapo karani alilazimika kuwaingiza upande huu au upande ule, au wao wenyewe walilazimika kujificha humo.

Iko kanuni ya zamani ya kukagua majumlisho, iliyojulikana na wanahesabu wa Bara Hindi na wa nchi za Kiarabu yapata miaka elfu moja iliyopita, nayo ni kanuni ya kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za namba. Ukipata namba yenye tarakimu zaidi ya moja, jumlisha tena. Kinachobaki mwishoni ndicho kinachobaki ukiigawa namba ile kwa 9. Sababu yake ni nyepesi. Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Kila hatua ya tarakimu, ukiitupa tisa, hubakiza moja tu, kwa hiyo tarakimu yenyewe ndiyo ibakiayo.

Itumie kanuni hii kwa wanaume wa Nyeri: 3 na 7 na 4 na 2 na 8 na 8 ni 32, na 3 na 2 ni 5. Itumie kwa wanawake: 3 na 8 na 4 na 8 na 4 na 5 ni 32 vile vile, yaani 5. Mahuntha: 3 na 1 ni 4. Jumlisha 5 na 5 na 4, upate 14, yaani 5. Na jumla yote, 759,164? Tarakimu zake ni 7 na 5 na 9 na 1 na 6 na 4, ambazo ni 32 kwa mara ya tatu, yaani 5. Hesabu imesawazika. (Kwamba namba zote tatu kubwa zimetoa 32 ni ajali tupu, wala usiende kuipigia ramli.) Waondoe wale 31, na mizani yakataa papo hapo: upande mmoja una 5 na 5, ambayo ni 10, yaani 1; upande wa pili una 5.

Usiiamini kanuni hii kupita kiasi. Karani aliyechoka akiandika 374,828 badala ya 374,288, tarakimu ni zile zile, jumla yake ni ile ile, na mkaguzi wa tisa atapita bila kuona kitu, ingawa watu 540 wasiokuwapo wamekwisha kuzaliwa katika karatasi. Kosa la namna hiyo hukamatwa na kumi na moja. Anza tarakimu ya mkono wa kulia, toa ya pili, ongeza ya tatu, toa ya nne, uendelee hivyo mpaka mwisho; kilichopatikana ndicho kibakicho kwa 11. Fanya hivyo kwa 374,288, utapata 2. Fanya kwa 374,828, utapata 14, na ukiisha kusawazisha hazitakuwa sawa. Nakuachia kazi hiyo uifanye mwenyewe, maana mwanafunzi asiyeshika kalamu hapa hatapata faida ya yale yatakayofuata.

Nimeitaja tisa, na siwezi kuiacha hivi hivi nikiwa katika nchi ya Nyeri. Katika lugha ya Kikuyu tisa huitwa kenda, na hilo ni neno la Kiswahili cha kale pia, ambalo bado lapatikana katika kamusi na katika mashairi ya zamani. Tisa yenyewe tuliipokea kutoka kwa Waarabu, pamoja na sita na saba. Masimulizi ya Wakikuyu husema kwamba Mungu alimpa Gikuyu nchi inayoutazama mlima, akampa na mke, Mumbi, nao wakazaa mabinti ambao kila mmoja akawa chanzo cha mbari. Jomo Kenyatta aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka 1938. Mabinti hao husemwa kuwa tisa. Lakini ukiwataja mmoja mmoja pamoja na Wamuyu, aliye mdogo wao, watakuwa kumi. Wazee hawakusema kumi. Walisema kenda iliyojaa, tisa kamili, maana kuwahesabu watu mpaka mwisho kulihesabiwa kuwa ni kukaribisha balaa. Vivyo hivyo mwenye mbuzi hakuwahesabu zizini kwa kuwanyoshea kidole. Aliwatazama, akajua kwa rangi na kwa pembe nani hayupo.

Kijana wa leo aweza kucheka. Mimi nimepata kucheka pia, nilipokuwa sijasoma yaliyoipata nchi hiyo baadaye, ilipoanza kuhesabiwa na watu wasiowajua mbuzi wala wenye mbuzi kwa sura.

Serikali ya Kiingereza ilianza kuwahesabu wanaume kwa ajili ya kazi na kodi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuchukua kipande, yaani cheti chenye namba, alama za vidole, na habari za waajiri wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Hesabu ya kwanza ya watu wote wa Kenya, wakubwa kwa wadogo, wa kila taifa, haikufanywa mpaka mwaka 1948, nayo ilitoa watu 5,405,966. Iliyofuata ilifanywa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ikatoa 8,636,263. Zishike namba hizi mbili na miaka yake, maana kati yake ndipo palipo fumbo la habari yetu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Nyeri, Murang'a na nchi yote inayouzunguka mlima, mpaka Embu na Meru, zikawa uwanja wa vita. Misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ikajaa wapiganaji, nao askari wakawafuata humo. Tangu mwaka 1954 watu wa vijijini walitolewa katika miji yao iliyotawanyika juu ya vilima, wakakusanywa katika vijiji vya lazima vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongoka. Zaidi ya watu milioni 1 waliwekwa katika vijiji zaidi ya 800. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Serikali ya ukoloni ilipofunga vitabu vyake ilitoa namba. Wapiganaji wa Mau Mau waliouawa mpaka mwisho wa mwaka 1956, ilisema, walikuwa 11,503. Raia Waafrika waliouawa upande wa serikali walikuwa 1,819. Raia Wazungu waliouawa walikuwa 32.

Tuifanyie namba ya kwanza kama tulivyoifanyia ile ya Nyeri. Je, 11,503 yagawika? Huna haja ya kuijaribu kwa kila namba. Eratosthenes, mtu wa Kirene katika Afrika ya Kaskazini, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Iskandaria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alionyesha jinsi ya kuzichekecha namba: kwanza tupa zote zinazogawika kwa 2, kisha kwa 3, kisha kwa 5, na kuendelea kwa namba tasa peke yake. Tena kuna kikomo. Namba ikiwa imezaliwa na namba mbili, lazima mojawapo isizidi kipeuo chake cha pili. Na kwa kuwa 107 mara 107 ni 11,449, na 108 mara 108 ni 11,664 ambayo imekwisha kupita, yatosha kuijaribu kwa namba tasa zisizozidi 107. Hizo ni 28. Kwa 7 utapata 1,643 na kubaki 2. Kwa 23 utapata 500 na kubaki 3. Kwa 53 zitabaki 2. Kwa 71 utakaribia sana, 162 na kubaki 1. Ukiimaliza 107 utabakiwa na 54. Zote 28 zimekataa. Namba 11,503 ni tasa.

Lugha yetu ililichukua neno tasa kutoka kwa mwanamke asiyezaa, na sijui kama walioichagua istilahi hiyo waliufikiri uzito wake. Lakini hebu tuiache lugha, tuitazame sura ya namba. Namba tasa yenye tarakimu tano, isiyoishia kwa sifuri wala kwa tano, huonekana kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo na kuhesabu mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Haina alama ya kukisia. Mtu aliyekisia angesema 11,000, au 12,000. Huyu asema na watatu juu. Humo ndimo mlimo na hatari yake. Usahihi wa tarakimu si usahihi wa habari. Namba ile yaweza kuwa imejumlishwa bila kosa hata moja, ikapita kwa tisa na kwa kumi na moja, na bado ikawa jibu la swali dogo: ni maiti wangapi ambao majeshi ya serikali yaliwaandika kuwa ni Mau Mau? Haisemi kama kila aliyeandikwa alikuwa mpiganaji. Haisemi lolote juu ya mtoto aliyekufa kwa njaa au kwa kuhara ndani ya kijiji cha lazima, kwa sababu mtoto huyo hakuandikwa katika kitabu kile.

Mwaka 2005 vilitoka vitabu viwili vilivyolifungua jambo hili upya. David Anderson, mwanahistoria Mwingereza, alisoma mafaili ya mahakama na kuonyesha kwamba watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Hiyo ni namba iliyopatikana kwa kufungua jalada moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na jina la mtu. Caroline Elkins, mwanahistoria Mmarekani, alikwenda kwa njia nyingine. Alizichukua hesabu za 1948 na 1962, akalinganisha jinsi Wakikuyu walivyoongezeka na jinsi majirani zao kama Wakamba, Waluo na Waluhya walivyoongezeka, akasema kwamba Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawaonekani walikokwenda. Kitabu chake kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2006, na namba hiyo ya 300,000 ikaenea duniani.

Hapa, msomaji, ndipo mwanafunzi wa hesabu na mwanafunzi wa historia wanapopaswa kukaa benchi moja. Njia ya kutoa hesabu moja katika nyingine ni njia ya haki, na pengine ndiyo iliyobaki pale ambapo vitabu vimechomwa au havikuandikwa. Lakini ina ncha kali. Lazima kwanza useme watu wangeongezeka kwa kadiri gani kama vita visingekuwapo, na kadiri hiyo huijui, waichagua. Tuijaribu kwa watu milioni 1 kamili, kwa miaka 14, ambayo ndiyo iliyo kati ya 1948 na 1962. Wakiongezeka kwa 2.5 katika kila mia kwa mwaka, mwishoni watakuwa karibu 1,413,000. Wakiongezeka kwa 3 katika kila mia, watakuwa karibu 1,512,600. Tofauti ni watu 99,600 hivi. Nusu ya moja katika mia, kitu ambacho hata mtaalamu hawezi kukiona kwa macho akitembea katika soko la Karatina, yaweza kuwafufua au kuwaua watu laki moja katika karatasi. Tena hesabu ya 1948 ilikuwa ya kwanza, na kosa dogo la mwanzo huzaa riba kama deni.

John Blacker, mtaalamu wa hesabu za watu, aliliona jambo hilo, akaandika juu yake mwaka 2007 katika jarida la African Affairs. Hakuitegemea tofauti ya jumla peke yake. Alichunguza umri wa watu, wanaume na wanawake, na vifo vya watoto. Msingi wa uchunguzi wa vifo vya watoto katika hesabu za watu ni swali jepesi sana ambalo karani humwuliza mama mlangoni: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Kutoka katika majibu ya akina mama maelfu kwa maelfu mtaalamu aweza kuyaona mauti ya miaka iliyopita, hata kama hakuna kaburi lililoandikwa. Blacker alikadiria kwamba waliokufa zaidi ya ilivyotazamiwa walikuwa yapata 50,000, na kwamba kadiri ya nusu yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka kumi.

Ilinganishe sura ya namba hii na ile. Vigawo vya 50,000 ni 2 mara nne na 5 mara tano, na hakuna kingine. Yagawika kwa karibu kila njia unayoitaka, kwa kuwa imetengenezwa kwa kukisia na kusawazishwa kwa makumi. Sifuri zake nne si uvivu. Ni mtaalamu akikuambia waziwazi kwamba tarakimu za upande ule hazijui. Kwa macho ya mtu wa haraka 11,503 yaonekana kweli na 50,000 yaonekana uvumi. Nami naona kwamba ile yenye sifuri imekaribia zaidi yaliyowapata watu wa Nyeri, ingawa ni pungufu sana ya ile 300,000 ambayo wengi waliizoea, na ingawa wako waliokasirika kusikia imepunguzwa, kana kwamba kuondoa sifuri ni kuwasamehe wakosaji. Watoto elfu ishirini na kitu si kitu kidogo. Mtu anayehitaji namba kubwa zaidi ya hiyo ili aone uovu, hataridhika hata akipewa milioni.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni. Yalitolewa malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228. Ukigawa fedha hizo zote kwa watu hao wote, bila kutoa gharama, kila mmoja angepata pauni 3,806, na zingebaki pauni 2,232 zisizogawika. Wadai hao walikuwa wazee. Wako waliokufa kesi ikiendelea. Na waliolipwa walikuwa walio hai wanaoweza kusimama na kusema, mimi nilipigwa, nilihasiwa, nilifungwa. Mtoto wa mwaka 1955 aliyekufa kwa njaa hakuwa na wa kumdai, wala hakuwa na namba.

Nilijaribu siku moja kuigawa ile 11,503 kwa miezi. Tangu kutangazwa kwa Hali ya Hatari, Oktoba 1952, mpaka mwisho wa Desemba 1956, ni miezi 50 na siku chache. Jawabu ni watu 230 kila mwezi. Na kwa kuwa namba ni tasa, nilijua kabla ya kuanza kwamba kitabaki kitu. Walibaki watatu. Nilitazama karatasi nisijue niwaandike katika mwezi gani.